Kwaya ya Komini ya Kenya Ndani ya Spika 12

Jambo ndugu zangu wa Lubumbashi, wa Likasi na wa Kolwezi, wakubwa kwa wadogo. Ninazungumza nanyi kutoka Brussels, na leo siko jikoni kama mlivyozoea kuniona, kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza linahitaji mkione chumba chenyewe. Tazameni nyuma yangu: spika 7 zimepangwa kunizunguka kwa kimo cha masikio, 4 zimefungwa darini, na moja kubwa iliyo sakafuni inashughulikia sauti nzito peke yake. Jumla yake ni 12, na mpangilio huu huandikwa 7.1.4. Hapa ndipo ninapochanganya muziki wa kumzunguka msikilizaji, kazi ambayo wengi wenu mmeniuliza habari zake.

Miezi michache iliyopita maestro wa kwaya moja ya komini ya Kenya, pale Lubumbashi, mzee aliyenifundisha kusoma noti nilipokuwa mtoto, aliniandikia akitaka kujua kama ningeweza kuuweka wimbo wao katika sauti ya namna hii. Nilifurahi mno. Kisha wimbo ukafika kwa simu, nikaufungua, nikakuta faili moja tu ambamo sauti za kwanza, za pili, za tatu na za nne, ngoma, kinanda na gitaa vyote vilikuwa vimekwisha kuunganishwa. Nililazimika kumwambia ukweli kwa heshima: Maestro, bukari ukishaiva, hakuna awezaye kuutoa unga upande mmoja na maji upande mwingine. Zipo programu zinazojaribu kuzitenganisha sauti zilizokwisha kuchanganywa, nami nilizijaribu, lakini kila sauti ilitoka ikiwa na mabaki ya jirani yake, na katika chumba kama hiki mabaki hayo husikika waziwazi.

Ili mwelewe kwa nini faili moja haitoshi, turudi kidogo kwenye stirio. Katika stirio una spika mbili, na kazi yote ya fundi ni kuamua kila ala iende kushoto kiasi gani na kulia kiasi gani. Katika sinema walikwisha kuongeza spika za pembeni na za nyuma kwa miaka mingi, lakini sauti iliandikwa kwa ajili ya spika maalumu: hii ya kushoto, hii ya nyuma. Mfumo wa Dolby Atmos, ulioingia katika majumba ya sinema mwaka 2012, ulileta wazo jingine. Sauti inaweza kuhifadhiwa pamoja na anwani yake, yaani maelezo ya mahali ilipo katika nafasi: mbele au nyuma, kushoto au kulia, chini au juu. Mafundi huiita obijekti. Programu husoma anwani hiyo na kuigawa sauti kwa spika zilizopo, ziwe 64 katika ukumbi mkubwa, 12 katika chumba hiki, au hedifoni mbili masikioni mwako. Mradi mmoja hubeba hadi njia 128 za sauti, na sehemu ya njia hizo huwa ni kile tunachokiita kitanda, yaani msingi uliofungwa kwenye chaneli zisizohama. Muziki uliingia katika mfumo huu kupitia huduma za kusikiliza mtandaoni mwishoni mwa mwaka 2019, na ulienea zaidi Juni 2021 Apple Music ilipoupokea. Hapa Ubelgiji kwenyewe, katika mji wa Mol, ndiko ulikozaliwa mfumo mwingine wa aina hii, Auro-3D, nami huwakumbusha hilo vijana wanaodhani kwamba mambo haya yote hutoka Marekani.

Basi nilimwomba maestro arekodi upya. Safari hii kila sauti ilikuwa na maikrofoni yake, ngoma zikawa na zake, na jambo ambalo hakulitegemea, nilimwomba aweke maikrofoni mbili nyuma kabisa ya kanisa, zikiwaelekea waumini. Faili zote zilikuja katika flashi iliyobebwa mkononi kutoka uwanja wa ndege wa Luano hadi hapa na binamu yangu.

Sasa nitawaeleza kosa langu, kwa maana ndilo lililonifundisha kuliko mafanikio yoyote. Nilipozipata sauti zile zikiwa zimetengana, nilifanya kama mtu aliyepewa nyumba ya vyumba 12 akaona ni lazima kila chumba kiwe na mpangaji wake. Soprano, yaani sauti ya kwanza, niliwaweka kushoto, alto, sauti ya pili, kulia, tenori, sauti ya tatu, nyuma kushoto, besi, sauti ya nne, nyuma kulia, na ngoma nikazipandisha darini. Nilikaa kitini, nikasikiliza, na kwaya haikuwepo tena. Kulikuwa na makundi manne ya watu wasiofahamiana. Kila mara besi walipoanza mstari, shingo yangu ilitaka kugeuka, kwa kuwa mwanadamu akisikia sauti mpya nyuma yake hugeuka kabla hajafikiri. Ngoma iliyotoka juu ilipoteza uzito wake wote, maana mwili wetu umeizoea ngoma ikitoka ardhini.

Nilizima kila kitu, nikakaa kimya, nikajaribu kukumbuka jinsi kwaya ile inavyosikika kwa mtu aliyepo. Nilikuwa na miaka 14 nilipoanza kukaa kwenye benchi la tenori. Sauti za alto zilinijia kwenye bega la kushoto, ngoma niliisikia kwa nyayo kabla ya masikio, mama wa soprano walikuwa mbele yangu wakinipa mgongo, na kanisa zima lilitujibu kutoka upande wa pili. Hapo nilitambua kwamba nilikuwa nimeanza na swali lisilo sahihi. Nilijiuliza niweke nini katika spika hizi 12, na nilipaswa kwanza kuuliza: msikilizaji amekaa wapi?

Nilimkalisha kwenye benchi la mbele la waumini, akiitazama kwaya. Waimbaji niliwapanga katika upinde ulio mbele yake, soprano na alto kushoto, tenori na besi kulia, wakienea hadi karibu na spika za pembeni bila kuvuka mstari wa masikio yake. Kila kundi niliacha liingiliane kidogo na jirani yake, kwa sababu sauti nne za kwaya huegemeana: tenori hushika noti yake kwa kuisikia alto, na msikilizaji naye anahitaji kuusikia mshikamano huo. Ngoma ilirudi chini, katikati, mbele. Nyuma na juu nikaweka kanisa lenyewe. Wale mliowahi kupiga kofi ndani ya kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo likiwa tupu mnaelewa ninachokisema: sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio umbali wa mita 17 utakurudishia kofi lako baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ubongo hutumia ucheleweshaji huo kuupima ukubwa wa jengo bila wewe kuambiwa. Maikrofoni mbili za nyuma zilinipa ukubwa huo, pamoja na itikio la waumini na vigelegele vya akina mama, na vyote niliviacha nyuma ya msikilizaji, mahali vilipotokea kweli.

Kuhusu sauti nzito, nitasema kwa ufupi. Ile spika ya sakafuni ina chaneli yake ya pekee inayobeba mawimbi ya chini tu, hadi hezi 120 hivi, na fundi mgeni hushawishika kuimwagia ngoma yote. Nasihi msifanye hivyo, kwa sababu wimbo unaposhushwa kuwa stirio, mara nyingi chaneli hiyo huachwa, na ngoma yako huondoka nayo.

Wapiga gitaa wataniuliza kuhusu seben, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hushika usukani, nami nina msimamo wangu. Solo, mi-solo na akompanyema, yaani gitaa la kuongoza, la kati na la kusindikiza, ni watu watatu wanaozungumza, na uzuri wa seben uko katika namna mmoja anavyoingia kwenye pengo aliloliacha mwenzake. Watenganishe vya kutosha ili kila mmoja asikike, lakini wote wabaki mbele, kwa maana ukimpeleka mi-solo nyuma ya kichwa umeyakata mazungumzo yao. Gitaa la vidole la Katanga, lile la mtu mmoja anayepiga besi kwa kidole gumba na wimbo kwa vidole vingine, kama Jean-Bosco Mwenda alivyopiga alipokutana na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Likasi, ambayo wakati ule iliitwa Jadotville, zaidi ya miaka 70 iliyopita, hilo nisingelitawanya hata kidogo. Liwe mahali pamoja, na chumba ndicho kilizunguke.

Najua wengi wenu mnajiuliza haya yote yanawahusu nini, kwa kuwa hakuna mtu mwenye spika 12 katika komini za Katuba au Ruashi. Ukweli ni kwamba hata huku Ulaya wasikilizaji wengi hutumia hedifoni. Sauti inayotoka kushoto hulifikia sikio la kulia ikiwa imechelewa kwa muda usiofika milisekunde moja, ikiwa imepungua kidogo kwa kuzuiwa na kichwa, na mikunjo ya sikio la nje huibadilisha tena kulingana na kama imetoka juu au chini. Programu huiga mabadiliko hayo yote, kisha huyaweka katika chaneli mbili, na ubongo hukubali kwamba kuna kanisa. Kwa kuwa masikio hayafanani, wapo watakaolisikia kanisa zima na wapo watakaosikia upana tu. Kwa sababu hiyo mimi husikiliza kila mchanganyiko kwa hedifoni za bei nafuu kabla ya kuutoa. Jambo moja linalonipendeza ni kwamba kiwango cha ukubwa wa sauti kinachotakiwa ni hasi 18 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), ambacho ni cha chini kuliko nyimbo nyingi za stirio za siku hizi, hivyo hakuna haja ya kuibana kwaya hadi iishiwe pumzi. Kwa upande wa mega, yaani data za intaneti, wimbo wa Atmos husafirishwa kwa kilobiti 768 kwa sekunde, yaani megabaiti karibu 6 kwa kila dakika.

Ombi langu kwa wenye studio za huko nyumbani, hata zile zilizo katika gereji yenye magodoro ukutani, ni moja: hifadhini njia za sauti zikiwa zimetengana, hata kama leo mnatoa stirio peke yake. Kila njia ianze sekunde ileile ya mwanzo, iwe faili la WAV la kilohezi 48 na biti 24, bila mwangwi wa kuongezwa, na iandikwe jina linaloeleweka. Njia 16 za wimbo wa dakika 5 huchukua megabaiti zipatazo 700, na flashi ndogo inazitosha. Wekeni nakala mbili katika nyumba mbili, kwa sababu umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika, mnaweza kupoteza kazi ya wiki nzima, na mimi mwenyewe nimeshapoteza sauti za watu ambao hawapo tena duniani kuziimba upya. Kijana mwenye kompyuta yenye Logic, programu ya kurekodi na kuchanganya muziki, anaweza kuanza kujifunza kwa hedifoni tu, kwa sababu tangu Oktoba 2021 programu hiyo ina vifaa vya Atmos ndani yake.

Video hii hubeba chaneli mbili, kwa hiyo nimeandaa toleo la hedifoni. Vaeni ya kushoto kushoto na ya kulia kulia, mzime feni kama inawezekana. Maestro, kwaya yako itaanza mbele yako. Kabla ya ubeti wa pili utasikia kigelegele nyuma, upande wa kulia, karibu na mlango. Ni cha yule mama unayemfahamu, nami nimemwacha palepale alipokuwa amekaa.