Nimelala Kwenye Jengo la Juu Kuliko Yote Ulaya

Habari zenu ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mtanivumilia na huku kuhema, maana hapa nilipo kuongea na kupumua vinagombania hewa ileile. Nipo Capanna Regina Margherita, mita 4,554 juu ya usawa wa bahari, kwenye mlima Monte Rosa, upande wa Italia, mpakani kabisa na Uswisi. Barani Ulaya hakuna jengo lililo juu kuliko hili. Ngoja niwageuzie kamera... mnauona huo ukuta? Nje wameuvika shaba yote. Radi ikipiga inapita kwenye shaba, waliomo ndani wanasalimika. Na radi huku haina mchezo, kwa sababu kileleni hakuna kingine kilichosimama.

Msije mkadhani ni hoteli. Ni kibanda cha wapanda mlima, mali ya Club Alpino Italiano, chama kilichoanzishwa mwaka 1863. Cha kwanza kilizinduliwa mwaka 1893, na Malkia Margherita wa Italia mwenyewe alipanda mpaka hapa. Kilikuwa cha mbao: walikitengeneza bondeni kwa vipande, vikapandishwa na nyumbu, na nyumbu walipokwama vikapanda kwa migongo ya watu. Hiki cha sasa ni cha mwaka 1980. Jamani, hao watu wa mbao ninawawaza tangu jana. Mimi begi langu moja tu limenitoa jasho kwenye baridi kali.

Sasa nataka tuongee kuhusu maji, kwa sababu ukishaelewa maji umeelewa kibanda kizima. Bomba hakuna. Kuoga sahau. Chakula, gesi, chupa za maji ya kunywa, vyote vinaletwa na helikopta, na helikopta haipandi kukiwa na ukungu au upepo mkali. Kwa hiyo ukiona bei ya chupa usimnunie mhudumu, lipia na ushukuru. Ndiyo maana pia kila mgeni anatakiwa aje na shuka lake jepesi la kushona kama mfuko, anaingia ndani yake kisha anajifunika mablanketi ya kibanda. Mablanketi hayo hayawezi kufuliwa kila mgeni akiondoka, yafuliwe na maji gani? Taka zako unashuka nazo mwenyewe. Viatu vya mlimani unaviacha mlangoni, unavaa ndala za ndani. Saa nne usiku ni kimya, taa zimezimwa, maana wapo watakaoamka gizani. Mtu anaweza kuona ni masharti mengi. Mimi naona ni heshima, tena kwa watu ambao hata hamjuani.

Kulala ni vitanda vya ghorofa, mmepangana. Na usiku ndipo utakapoijua hewa ya huku. Jirani yangu wa kitanda cha chini anahema haraka haraka, halafu kimya. Kimya kabisa. Unabaki umekodoa macho gizani unamsikilizia, mara anavuta pumzi kwa nguvu kama aliyeibuka kutoka majini, mzunguko unaanza upya. Wala si kwamba anaumwa. Oksijeni ikipungua mwili unahema sana, kuhema kwingi kunatoa kabonidayoksaidi nyingi mno, basi ubongo unasimamisha pumzi kidogo mpaka hesabu ikae sawa. Daktari Angelo Mosso wa Torino alikuja hapa mwaka 1894 kuchunguza mambo kama haya, na hadi leo watafiti wanapanda na watu wa kujitolea kuuchunguza ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaompata mtu akipanda juu haraka kuliko mwili unavyozoea.

Njia niliyopita mimi ni hii: kutoka kijiji cha Alagna, bondeni, unapanda kwa magari ya nyaya, yale yanayoning'inia hewani, mpaka kituo cha Punta Indren, mita 3,275. Kutoka hapo ni miguu, unalala kibanda cha Gnifetti, mita 3,647. Alfajiri unaingia kwenye mto wa barafu, yaani barafu nene inayoteremka mlimani polepole, mmefungana kamba, meno ya chuma chini ya viatu, shoka la barafu mkononi. Mnatoka mapema kwa sababu usiku theluji inaganda. Jua likishaiva, theluji iliyofunika nyufa inalegea, na ufa wa barafu unaweza kummeza mtu mzima. Bila uzoefu wa barafu, lipia mwongozaji. Hilo sibishani na mtu.

Na hapa nitasema bila kuzunguka. Ushauri unaojulikana ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Kutoka Gnifetti mpaka hapa ni zaidi ya 900. Mimi nilikaa chini kwanza, mwili ukazoea. Kama ni mara yako ya kwanza, panda asubuhi, kunywa chai, piga picha, shuka ukalale chini. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wananielewa: kibanda cha Kibo kiko mita 4,720, juu kuliko hapa, ndiyo maana wengi huongeza usiku mmoja kibanda cha Horombo, kilicho chini yake, kabla ya kwenda Kibo. Kichwa kikiuma, kichefuchefu, huna hamu ya kula, usipande zaidi. Ikizidi, ukaanza kuyumba au kukosa pumzi hata umekaa, shuka, usingoje kuche, na usishuke peke yako.

Nafasi unaweka mapema, usije tu kubisha hodi. Na kila kibanda kina kitabu cha wageni. Usikipite. Andika jina, tarehe, unakotoka na unakoelekea kesho, kwa mwandiko unaosomeka, kwa sababu usipofika, waokoaji wataanza kukutafuta kupitia mstari huo.