Dundumio Linatii Amri ya Uongo

Asanteni. Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Kabla sijaanza, kila mwenye chupa ya maji anywe funda moja, jirani yake amtazame shingo. Chini ya kikoromeo kuna kitu kimepanda kikashuka. Hapo ndipo lilipo dundumio, tezi ndogo yenye umbo la kipepeo iliyokumbatia koo la hewa. Ukiona kwa mwenzako kimepanda kitu kinene kama yai, usimcheke, mlete kwangu tukimaliza.

Wazee wa huku milimani wanalijua rovu, uvimbe wa dundumio shingoni. Hilo la zamani lilikuwa rovu la njaa: tezi imekosa madini joto, inavimba kwa kuhangaika. Leo nina rovu jingine, la tezi inayochapwa kazi usiku na mchana. Unaitwa ugonjwa wa Graves, kwa daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Ujerumani wanauita wa Basedow, maana mtu wao wa Merseburg aliuandika mwaka 1840. Caleb Parry wa Uingereza aliwatangulia wote, ila maandishi yake yalichapwa 1825 akiwa kaburini, na jina akalikosa.

Niwape mfano wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mwezi wa saba, baridi ya kuvaa makoti mawili, yeye analala dirisha wazi. Anakula sahani mbili za ugali na anakonda. Moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Chaki inamcheza mkononi, wanafunzi wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu anakunywa. Kapima virusi vya UKIMWI mara tatu, kameza dawa za taifodi, kapelekwa kwa mtaalamu wa majini. Mimi nilimwambia anyooshe mikono, nikaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka kama jani. Mapigo ya moyo yalikuwa 124 kwa dakika, amekaa kitini.

Sasa kilichotokea ndani. Kwa kawaida dundumio halijiamulii. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine inayotuma amri, homoni iitwayo TSH, ambayo inakaa kwenye dundumio kama ufunguo kwenye kitasa. Homoni za dundumio, zinazoendesha kasi ya mwili, zikitosha, amri inapungua. Kwenye Graves, mwili unatengeneza kingamwili, askari wa damu wa kupambana na vijidudu, lakini hizi zinaingia kwenye kitasa kilekile na kukizungusha. Kingamwili za magonjwa mengi ya namna hii, ambayo mwili unajishambulia wenyewe, hubomoa. Hizi zinawasha, na hakuna wa kuzima. Mwaka 1956 watafiti Adams na Purves, huko New Zealand, waliona kwenye damu ya wagonjwa kitu kinachoamsha tezi kwa muda mrefu kuliko TSH yenyewe. Kumbe ndizo hizo. Tezi ya ubongo inaona homoni zimefurika, inanyamaza kabisa. Ndiyo maana kipimo kinaonyesha TSH iko chini, halafu mtu anakuja kuniambia, "Daktari, dundumio langu limelala." Halijalala, baba. Aliyelala ni yule mtoa amri wa halali.

Kwa nini mwili ukaghushi ufunguo? Vinasaba vina sehemu kubwa, lakini si vyote. Hata mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake anabaki mzima. Wanawake wanaugua mara 5 hadi 10 kuliko wanaume. Mwaka wa kwanza baada ya kujifungua ni wa kuangaliwa. Msiba na misukosuko mikubwa hutajwa sana na wagonjwa, nami siwapuuzi. Sigara sina la kuipunguzia: inauongeza ugonjwa, na inawaharibia zaidi wale ambao ugonjwa huu umewatoa macho nje.

Kuna kimoja ambacho watu hawakitegemei. Mtu anatumia ARV vizuri, kinga imepanda, halafu mwaka wa kwanza hadi wa tatu anaanza kukonda tena. Familia inasema dawa zimeshindwa. Pengine zimefanya kazi: kinga imerudi na nguvu, ikakosea njia. Asiache dawa, apimwe dundumio.

Tiba ziko tatu. Ya kwanza ni vidonge, kabimazoli kwa kawaida, miezi 12 hadi 18, pamoja na propranololi ya kutuliza moyo wiki za mwanzo, ila mwenye pumu aseme mapema. Karibu nusu ya wagonjwa ugonjwa unarudi wakishaacha. Na hapa nisikilizeni vizuri: mara chache sana kabimazoli hufuta chembe nyeupe za damu. Dalili yake ni homa na koo kuuma. Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, mtu anakunywa mseto anaendelea na kabimazoli. Hapana! Simamisha kidonge, nenda siku hiyohiyo ukapimwe wingi wa chembe nyeupe. Malaria pima pia, lakini usiishie hapo. Mwenye mimba au anayeitafuta aseme mapema, maana miezi ya mwanzo dawa hubadilishwa.

Ya pili ni madini joto yenye mionzi. Saul Hertz alimpa mgonjwa wa kwanza huko Boston mwaka 1941. Unameza tu; dundumio linayavuta lenyewe, mionzi inalipunguza nguvu. Si kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na macho yakiwa yameathirika sana tunasita. Ya tatu ni kisu. Baada ya mbili hizi wengi humeza kidonge cha homoni kila asubuhi maisha yote. Yule mwalimu alichagua hivyo, akasema kidonge kimoja si kitu kuliko kuitwa mlevi.

Swali? Ndiyo, mama wa khanga ya njano.

"Daktari, basi niache chumvi ya madini joto?"

Hapana, chumvi ya kawaida ya chakula endelea nayo, wanao wanaihitaji. Hicho kikopo cha unga wa mwani ulicholetewa kutoka pwani, ambacho nakiona kwenye kikapu chako, ndicho tukizungumze. Mwani hubeba madini joto, na kwenye kijiko hujui umekula kiasi gani. Kiweke pembeni kwanza. Na wenye vidonge vya kukuza nywele na kucha, vyenye bayotini, viacheni siku mbili kabla ya kutoa damu, vinadanganya mashine. Mzee pale nyuma, karibu.