Kuitazama mikroRNA ikifuta ujumbe wa mama ndani ya yai la samaki pundamilia

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo tunachoma sindano mayai ya samaki pundamilia ili tuone jinsi mikroRNA (RNA fupi sana inayozima RNA nyingine) iitwayo miR-430 inavyofuta ujumbe ambao mama aliupakia ndani ya yai, yaani nyuzi za RNA zenye maagizo ya kuunda protini. Kuyakusanya na kuyasuuza mnakujua tayari. Tuharakishe, kwa kuwa seli ya kwanza hugawanyika baada ya dakika 45 hivi.

Kichupa hiki kina RNA mbili. Moja huunda protini ya kijani, na mwishoni mwa uzi wake nimepachika mahali ambapo miR-430 hujishika, penye herufi GCACUU. Nyingine huunda protini nyekundu na haina mahali hapo. Vaeni glavu, maana vimeng'enya vya vidole vyetu huikatakata RNA.

Sasa pimeni tone kabla hamjagusa yai hata moja. Lidondosheni kwenye mafuta juu ya slaidi yenye vipimo: nanolita 1 huwa na kipenyo cha milimita 0.12 hivi. Mimi niliwahi kukadiria kwa jicho, na kufikia jioni sahani nzima ilikuwa mayai meupe yaliyokufa. Narudia, pimeni tone. Samahani, kama mnavyoona kwenye skrini, sindano imeziba. Naikata ncha kwa kibanio, lakini tundu limepanuka, kwa hiyo napunguza shinikizo na kupima upya. Ndiyo maana nasisitiza.

Chomeni. Wengine huchoma kiini cha njano; mimi napenda kuingia kwenye seli yenyewe. Kisha yawekeni kwenye nyuzi 28.5.

Kwa takriban saa 3, hadi seli zikaribie 1,000, kiinitete huendeshwa karibu chote na RNA za mama. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, inapoamka, miR-430 huzalishwa kwa wingi, hujishika kwenye mamia ya RNA hizo na kusababisha mikia yao ya adenini, ile inayozilinda, ikatwe, nazo huvunjika. Mwaka 2005 Antonio Giraldez, Alexander Schier na wenzao walionyesha kwamba viinitete visivyo na Dicer, kimeng'enya kinachotengeneza mikroRNA, hupata ubongo wenye umbo baya, na kwamba kuvichoma miR-430 kulirekebisha kwa kiasi kikubwa kasoro hiyo.

Hiki ni kiinitete cha jana: mwili mzima ni mwekundu, kijani kimefifia. Cha pembeni yake, ambacho RNA yake ya kijani nilizibadilisha zile herufi sita, bado kinang'aa rangi zote mbili.