Kapteni Aliyeitwa Jenerali: Steuben na Jeshi la Valley Forge

Mabibi na mabwana, karibuni. Akitajwa ofisa wa Prussia, ule ufalme wa zamani wa Kijerumani, wengi wetu tunafikiria majenerali wa Berlin na medali zao. Leo nimemchagua mtu aliyetoka jeshini akiwa kapteni tu, na kazi yake kubwa akaifanyia ng'ambo ya Atlantiki.

Friedrich Wilhelm von Steuben alizaliwa Magdeburg mwaka 1730, baba yake akiwa ofisa mhandisi. Naye akaingia jeshini kabla hajatimiza miaka 20. Katika Vita vya Miaka Saba, Prussia ilipopigana na mataifa makubwa ya Ulaya, alijeruhiwa karibu na Prague mwaka 1757, akajeruhiwa tena Kunersdorf 1759, kisha akatekwa na Warusi. Mwisho alifika makao makuu ya Mfalme Frederick wa Pili, akawa mmoja wa maofisa wachache ambao mfalme aliwafundisha yeye mwenyewe. Elimu ile ilikuwa adimu Ulaya nzima.

Vita vilipokwisha 1763 jeshi likapunguzwa, naye akatolewa. Miaka iliyofuata aliipitisha akisimamia mambo ya kasri katika himaya ndogo ya Hohenzollern-Hechingen. Alipata jina la baron, akapata na madeni.

Mwaka 1777 akaenda Paris kutafuta kazi, na huko akakutana na Benjamin Franklin, mjumbe wa Wamarekani waliokuwa wakipigana na Uingereza. Barua iliyokwenda kwa Jenerali George Washington, kamanda wa jeshi lao, ikamtaja Steuben kuwa luteni jenerali wa mfalme wa Prussia. Uongo mtupu! Lakini fikirieni: Bunge la Marekani lilikuwa limechoshwa na maofisa wa Ulaya waliomiminika kudai vyeo. Kapteni asiye na kazi nani angemsikiliza? Tena huyu alikubali kuanza bila mshahara, agharamiwe matumizi yake tu.

Februari 1778 akafika Valley Forge, Pennsylvania. Jeshi la Washington lilikuwa na watu wapatao 12,000 walipoingia kambini Desemba, na kabla ya kuondoka karibu 2,000 walikuwa wamekufa, wengi kwa maradhi. Kwa hiyo Steuben hakuanzia kwenye bunduki, alianzia kwenye usafi. Vibanda vipangwe kwa mistari. Jikoni upande mmoja, vyoo upande wa pili, kwenye mteremko. Mizoga ya farasi ifukiwe. Mimi naamini amri hizi ziliokoa watu wengi kuliko kwata yote iliyofuata, ingawa hakuna mchoraji anayechora choo.

Sasa kwata yenyewe. Kila jimbo lilikuwa na namna yake ya kuamrisha, na vikosi vilizoea kutembea msururu wa mmoja mmoja, hata vikifika uwanjani vinachelewa kujipanga. Steuben akachukua watu kama 100, akawafundisha, halafu hao wakaenda kufundisha wenzao. Akapunguza hatua za kushindilia na kufyatua bunduki ya gumegume. Akawafundisha singe, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki, ambayo askari wengi waliijua zaidi kama kijiti cha kuchomea nyama. Na bunduki aliishika mwenyewe, jambo lililowashangaza maofisa waliozoea kumwachia sajenti kazi hiyo.

Kiingereza hakujua. Aliandika somo kwa Kifaransa, katibu wake Duponceau akalitafsiri. Siku moja kikosi kilipovurugika, akatukana kwa Kijerumani na Kifaransa hadi matusi yakamwishia. Kapteni Benjamin Walker, aliyejua Kifaransa, akajitokeza kumtafsiria. Askari walicheka, lakini walijifunza. Baadaye Steuben alimwandikia rafiki yake wa Ulaya kwamba kule kwao ukimwamuru askari anatii. Huyu wa Marekani lazima kwanza umweleze sababu. Na kweli alikuwa akiwaeleza. Hapo ndipo namwona ofisa hasa: aliacha nusu ya desturi za Prussia na kubakiza ile nusu iliyofaa.

Mei 1778 akapewa umeja jenerali na kazi ya mkaguzi mkuu wa jeshi. Cheo cha jenerali sasa kikawa cha kweli. Juni 28, katika mapigano ya Monmouth, vikosi vya Marekani vilivyokuwa vikirudi nyuma viliweza kujipanga upya na kukabiliana na Waingereza uso kwa uso. Mwaka uliofuata Wamarekani waliiteka usiku ngome ya Waingereza ya Stony Point kwa singe. Kitabu chake cha kanuni, kilichotoka 1779, kilimtaka kapteni amjue kila askari wake kwa jina. Jeshi la Marekani lilikitumia kwa zaidi ya miaka 30.

Fedha ndizo hakuziweza kamwe. Baada ya vita alilidai Bunge miaka mingi, hadi 1790 alipopewa pensheni ya dola 2,500 kwa mwaka. Jimbo la New York lilimpa ekari 16,000, na huko alifariki Novemba 28, 1794. Hakuoa. Mali yake aliwarithisha wasaidizi wake wawili wa zamani, William North na yule Walker aliyemtafsiria matusi.