Nzi wa Ndizi Mbivu na Kazi ya Kuhesabu

Walimu wangu, wazazi, wanafunzi, habari za jioni na ahsanteni kwa kufika.

Kabla sijaenda mbali, niondoe utata mmoja. Mkulima wa maembe akisikia "nzi wa matunda" hukunja uso, na ana haki. Anamfikiria Bactrocera dorsalis, yule aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, anayetoboa embe likiwa bado mtini na kutaga ndani yake. Huyo simzungumzii leo. Ninayemzungumzia ni mdogo zaidi, kama milimita tatu hivi, mwenye macho mekundu, anayezuka jikoni ndizi zikishaiva kupita kiasi. Wataalamu humwita Drosophila melanogaster. Asili yake ni Afrika hii hii, upande wa kusini. Mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta porini huko Zimbabwe, kwenye vilima vya Matobo, akifuata matunda ya mng'ongo. Huko kwingine kote duniani ameenda akimfuata binadamu na chakula chake.

Sasa, nzi anatuhusu nini sisi tunaofuatilia urithi na jeni, yaani yale maelekezo ya mwili ambayo mzazi humpa mtoto? Jibu langu ni fupi: nzi huyu alichaguliwa kwa sababu anahesabika. Kwamba anafanana nasi kwa ndani kulikuja kujulikana baadaye sana. Kwenye joto la nyuzi 25, yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Chakula chake ni uji mzito wa unga wa mahindi, sukari na hamira. Ana jozi 4 tu za kromosomu, zile nyuzi ndani ya chembe za mwili zinazobeba jeni, wakati sisi tuna 23. Ukitaka kujua urithi unakwendaje, unahitaji vizazi vingi na watoto wengi, na kwa ng'ombe au kwa binadamu utazeeka kabla hujapata jibu.

Twende New York, Chuo Kikuu cha Columbia, mwaka 1910. Thomas Hunt Morgan anafuga nzi kwenye chupa za maziwa, ndani ya chumba kidogo kilichojaa harufu ya ndizi. Siku moja anaonekana dume mwenye macho meupe. Morgan anampandisha kwa majike wa macho mekundu. Watoto 1,237 wanatoka na macho mekundu. Weupe ni watatu tu, nao anawaweka kando. Kisha anawapandisha hao wekundu wenyewe kwa wenyewe. Kizazi cha pili kinaleta majike 2,459 wa macho mekundu, madume 1,011 wa macho mekundu, na madume wa macho meupe wanaokaribia 800. Majike wa macho meupe? Hakuna hata mmoja.

Naomba tutulie hapo kidogo, maana sifuri hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Jike ana kromosomu mbili za X, dume ana X moja na Y. Ikiwa jeni ya rangi ya macho imekaa kwenye X, basi jike akipata nakala moja mbovu, ile nzima humfichia. Dume hana pa kujificha: X yake ni moja, na hiyo ameipata kwa mama. Kwa hiyo weupe ulivuka kizazi kimoja kimyakimya kupitia kwa mabinti na kuwazukia wajukuu wa kiume. Kwa mara ya kwanza sifa moja mahususi ilifungwa kwenye kromosomu moja mahususi. Morgan mwenyewe alikuwa na mashaka na nadharia ya kromosomu, yaani kwamba urithi hubebwa na kromosomu. Hesabu za nzi zikamgeuza.

Na kanuni hiyo inatembea hapa hapa kwetu. Hemofilia, ile hali ya damu kutoganda, hufuata njia hiyo hiyo. Upofu wa rangi nyekundu na kijani, vivyo hivyo. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao umeenea sana kwenye maeneo ya malaria, nao jeni yake iko kwenye X. Mtu mwenye upungufu huo akipewa primakwini, dawa ya malaria, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kupasuka, na wanaume ndio huathirika zaidi. Mama anayelaumiwa kwamba "ugonjwa umetoka kwao" anastahili kuelezwa jambo hili kwa upole na kwa usahihi. Hakufanya kosa lolote.

Kazi yenyewe ya maabara ni ya subira. Jike akishapandwa huhifadhi mbegu za dume mwilini, kwa hiyo ukichukua jike yeyote tu, hujui baba wa watoto ni nani. Inabidi umpate bikira. Asubuhi unatoa nzi wote kwenye chupa, kisha unarudi ndani ya saa 8 kuchukua waliotoka kwenye vifukofuko vyao muda huo, maana jike mchanga hivyo hajawa tayari kupandwa. Utamjua: mwili umepauka, na tumboni pana doa jeusi linaloonekana kupitia ngozi. Unawalaza usingizi kwa hewa ya kabonidayoksaidi, unawatenganisha chini ya hadubini kwa brashi laini ya rangi, na ukiwarudisha unailaza chupa ubavu mpaka wazinduke, la sivyo watanasa kwenye uji na kufa.

Mwanafunzi wa Morgan, Alfred Sturtevant, kijana wa miaka kama 20, mwaka 1911 alichukua takwimu za namna hiyo akaenda nazo nyumbani. Aliwaza kwamba jeni zilizokaa karibu kwenye kromosomu hurithiwa pamoja mara nyingi kuliko zilizo mbali. Akakesha, akaacha kazi za darasani, na kulipopambazuka alikuwa na ramani ya kwanza ya jeni duniani, kwa kuhesabu tu, bila kuiona jeni hata moja. Mimi hadi leo nikiwafundisha vijana jambo hili husisimka.

Baadaye njia ikageuka: badala ya kungoja nzi wa ajabu atokee, unamtengeneza. Hermann Muller mwaka 1927 alionyesha kwamba eksirei hubadili jeni. Ndivyo fundi anavyoijua redio asiyo na mchoro wake: anatoa kifaa kimoja, anasikiliza kipi kimekatika.

Mwaka 1971, kule California, Ronald Konopka na Seymour Benzer walitafuta nzi waliopoteza majira, yaani ambao saa yao ya mwili, inayopanga usiku na mchana, imeharibika. Wakapata wa aina tatu: mmoja siku yake ilikuwa saa 19, wa pili saa 28, wa tatu hakuwa na mpangilio kabisa. Wote watatu walikuwa na hitilafu kwenye jeni ile ile moja, wakaiita period. Mwaka 2001 ikabainika kwamba ukoo mmoja wa watu wanaolala mapema mno jioni na kuamka usiku wa manane una kasoro kwenye jeni ndugu ya hiyo, PER2. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walioifungua saa hiyo ndani ya nzi, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Takriban robo tatu ya jeni za magonjwa zinazojulikana kwa binadamu zina mwenzake kwenye nzi.

Lakini nzi hatengenezi kingamwili kama sisi, hana mapafu, na dawa iliyomfaa bado lazima ipimwe upya kwa wanyama wengine na kwa watu. Anayewaahidi tiba kwa nzi peke yake msimsikilize.

Pale mezani kuna sahani juu ya barafu, na nzi wa kizazi cha pili wamelala kwa baridi chini ya hadubini. Dume ana ncha nyeusi ya tumbo, jike ana mistari hadi mwisho. Njooni wanne wanne, hesabuni majike wa macho meupe, kisha tuendelee na maswali. Msichelewe, wakipata joto wanaamka.