Ritifaa ya Ng'ombe: Kuiamuru Sauti ya Kompyuta

Ndugu zangu walimu, asanteni kwa kunikaribisha. Leo sitagusa kipanya. Nitaandika amri kwenye terminali, lile dirisha la kuiandikia kompyuta amri, nanyi mtasikia kinachotoka.

Programu yenyewe, ya kusoma maandishi kwa sauti, ni eSpeak NG. Ni ya bure, ni ndogo, haihitaji intaneti, na Kiswahili kimo. Chimbuko lake ni kazi ya Jonathan Duddington, aliyeianza mwaka 1995 kwenye kompyuta za Acorn, Uingereza. Imo pia ndani ya NVDA, kile kisoma skrini wanachotumia wanafunzi wengi wasioona. Naandika:

espeak-ng -v sw "Karibuni darasani"

Hiyo -v huchagua sauti, na sw ni Kiswahili. Sauti ni kavu, najua. Hakuna mtu aliyerekodiwa akisoma maneno. Sehemu kubwa inaundwa kwa hesabu. Sasa naongeza -s 300, yaani maneno 300 kwa dakika. Wengi wenu mmeambulia silabi mbili tatu, lakini kijana wetu pale nyuma anatabasamu, maana hiyo ndiyo kasi yake ya kusomea. Isipoguswa, programu husoma maneno 175 kwa dakika. Kwa mtoto anayeanza mimi huishusha hadi 120, kisha naweka -g 10 ili maneno yaachane kidogo. Iko pia -p ya kuifanya sauti iwe nzito au nyembamba, kuanzia 0 hadi 99. Nakuombeni jambo moja: kasi achieni sikio la mwanafunzi. Anayesikiliza ndiye anayejua.

Zamani amri zilichanganywa na maneno yenyewe. DECtalk, mashine ya kusema ya mwaka 1984, iliyotokana na utafiti wa Dennis Klatt, ilikuwa sanduku lililounganishwa na kompyuta kwa waya. Ukiandika [:np] katikati ya matini, inasema kwa sauti ya Paul. Ukiandika [:nb], anaingia Betty. Mtindo huo una faida yake hata leo, kwa sababu unaweza kuigeuza sauti sentensi ikiwa bado inaendelea. Sikilizeni:

espeak-ng -v sw -m "Tatu jumlisha nne <break time='2s'/> ni saba"

Hiyo -m huiambia programu kwamba ndani ya matini mna amri, na break ni amri ya kunyamaza. Zile sekunde mbili za kimya ni za mtoto kujibu kabla ya mashine. Mimi nazipenda kuliko kitu chochote katika programu hii.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Kiswahili hasa. Naandika bila alama za usemi:

espeak-ng -v sw ng'ombe na ng'ambo

Mmesikia ilivyotamka? Imesoma kwa ng ya ngoma. Kwa terminali, ritifaa, yaani ile alama ' ya ng'ombe, ni alama ya kufungua na kufunga nukuu, hivyo imezimeza zote mbili na programu ikapokea "ngombe na ngambo". Na ukiandika ng'ombe peke yake, ni balaa jingine: ukibonyeza Enta inatokea alama ya > na kimya, terminali inangoja ritifaa ya pili. Wangapi wamedhani kompyuta imekwama! Zungushieni maneno alama za usemi za vijistari viwili, kama nilivyofanya mwanzo.

Somo likiwa refu, liandikeni kwenye faili, ambamo terminali haigusi chochote:

espeak-ng -v sw -s 120 -f somo.txt -w somo.wav

Hiyo -f husoma faili, na -w haitoi sauti hapa. Inaihifadhi, mtoto akasikilize nyumbani kwenye simu ya mzazi. Kibodi hii hapa. Nani anaanza?