Gia ndogo si hasara

Mbukwenyi, ndugu zangu madereva!

Leo nina jambo moja: tabia ya kukimbilia gia kubwa ili kubana petroli. Mnaisikia kila siku. Pikipiki ya cc 125, abiria na kreti la zabibu, kilima mbele, gia ya nne. Mafuta yamefunguliwa yote, mwendo hauongezeki, injini inagonga na kutetemeka.

Injini ndogo hupata nguvu ikizunguka kwa kasi. Ukiibebesha mzigo inapozunguka polepole, kila mlipuko huikandamiza pistoni, na kishindo hicho hubebwa na konirodi, yaani mkono wa chuma unaoshika pistoni, na beringi zake. Pampu ya oili nayo inaendeshwa na injini hiyohiyo. Mizunguko ikishuka, oili inayosukumwa hupungua, tena wakati vyuma vinaihitaji zaidi. Mkumbuke pia kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo pikipiki ya kabureta hapa haina nguvu ileile iliyokuwa nayo Dar es Salaam.

Kwenye tambarare, bila upepo wa mbele, gia kubwa na mafuta kidogo ni akiba ya kweli. Sina ubishi. Ila mlimani shusha mapema, kabla mwendo haujafa. Kama pikipiki yako haina mshale wa mizunguko, ongeza mafuta kidogo: ikivuta papo hapo, gia ni sahihi, ikinguruma tu bila kuvuta, shusha.

Sasa kuteremka, na hili naliomba kwa moyo wote: msiachie pikipiki kwenye fri, yaani bila gia. Nimewaona wakifanya hivyo Nyang'oro, barabara ya Iringa, kona baada ya kona. Breki za ngoma zikishika moto hupoteza nguvu, na hapo huna injini ya kukuzuia. Teremka na gia ambayo ungepandia mlima huo. Shusha moja moja, na kabla ya kuachia klachi ongeza mafuta kidogo, la sivyo tairi la nyuma litajifunga na kuteleza, hasa kwenye changarawe. Kuruka kutoka ya nne hadi ya kwanza ukiwa kasi kunaweza kupinda valvu.

Kupita kwenye mchanga wa makorongo tutajifunza kwa vitendo. Vaeni kofia, tunaanza na kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili.